Kipimo kilisema hana malaria, Kassian akakataa

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

Jua halijatoka vizuri Kassian Matimbwa anapoegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa tofali na kupiga hodi kwa Mama Alex, pembezoni mwa mji wa Ifakara. Umande umemlowesha suruali hadi magotini. Mkononi ana kikombe cha karatasi kilichofunikwa kwa kipande cha chandarua, na shingoni unaning'inia mpira mwembamba ambao mgeni angedhani ni kifaa cha daktari.

Mpira huo ni wa kunyonyea mbu. Jana jioni alitundika mtego wa taa kando ya kitanda cha watoto wa nyumba hii, na asubuhi hii amekuja kutoa walionaswa. Kazi hiyo ya kibarua katika miradi ya watafiti wa malaria ameifanya tangu ujana wake, na mtaa mzima unamwita Mzee wa Mbu.

"Za asubuhi, Mama Alex?"

"Nzuri tu. Ila Alex kaamka na homa tena. Nimempa dawa ya mseto."

"Umempima?"

"Jana nilimpeleka zahanati. Kipimo kimesema hana. Lakini si unajua malaria inavyojificha."

"Nani kakwambia inajificha?"

Mama Alex anamtazama kwa mshangao. "Si wewe mwenyewe! Mwaka ule alipoumwa dada yake. Umesahau, Mzee wa Mbu?"

Kassian anaweka kikombe chini, anaingia ndani na kutoka na mtoto wa miaka minne aliyefungwa kanga. Mtego anauacha hapo hapo ulipo, taa yake ikiwaka. Muda si mrefu Mama Alex yuko kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mwanawe mapajani, na Kassian anakanyaga pedeli kuelekea zahanati huku akimsuta kwa kumpa mtoto dawa ya ugonjwa ambao hakukutwa nao.

"Huyu mzee siku hizi kero," anasema jirani yao, Abdulkarim, mswaki ukiwa mdomoni. "Zamani ukimwambia kichwa kinauma, anasema ni mbu huyo. Sasa ukimwambia ni mbu, anakubeba mzobemzobe mpaka kwa nesi."

Abdulkarim anacheka sana, na mwandishi wa makala haya naye akacheka. Baadaye, baada ya kukaa na Kassian siku nzima, kicheko kile kilinisuta kidogo.

Kassian ana miaka 46. Kwao ni Mahenge, alishuka bondeni akiwa kijana akitafuta kazi, akaoa kwa Wandamba, wenyeji wa bonde hili la Kilombero. Kwa siku ya kazi hulipwa shilingi elfu kumi na tano, na siku za kazi hutegemea mradi upo au haupo. Ana mke, Violeth, anayelima mpunga kwenye shamba la mama yake upande wa Chita, na binti mmoja, Siwema, mwenye miaka 12, anayesoma darasa la sita.

Siwema ana tatizo la moyo. Hakuzaliwa nalo. Alilipata mwaka 2021, na wiki hii ndiyo familia yake inasubiri kusikia limefikia wapi. Alhamisi madaktari bingwa wa moyo watakuwa Ifakara, na mtoto huyu ana ombi moja tu la kuwapelekea: aruhusiwe kwenda shamba.

Kwa asiyelijua bonde la Kilombero, hilo laweza kuonekana ombi la ajabu. Mtoto gani analilia kwenda kulima? Lakini huku, mpunga ukianza kuiva, familia huhama. Nyumba ya mjini inabaki na mtu mmoja wa kulinda, wengine wanahamia shambani hadi mavuno yaishe. Watoto wakifunga shule mwezi wa sita ndio wanaokaa dunguni, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga, wakifukuza ndege kwa makopo na kelele. Ni kazi, naam, lakini muulize mtu mzima yeyote wa bonde hili utoto wake ulikuwa wapi, atakutajia dungu.

Siwema hajakanyaga dunguni tangu aumwe. Kila Juni binamu zake wanapanda treni kwenda Chita, yeye anabaki mjini na baba yake. "Wananipigia simu jioni," anasema. "Nasikia kelele zao tu huku nyuma, wanagombania samaki wa kuchoma. Halafu wananiambia, we yai, usianguke."

Yai ndilo jina lake kwenye ukoo. Analitaja akicheka, lakini macho yake hayacheki.

*

Ilianza na kikohozi ambacho hakuna aliyekijali. Mwezi wa saba mwaka ule wa 2021, Kassian alikwenda Chita kumsaidia mama mkwe wake, Bibi Bibiana, kupiga mpunga. Mpunga uliokauka ukipigwa hutoa vumbi lenye miba midogo isiyoonekana. Linaingia puani, linakaa kifuani, na shamba zima linakohoa. Alirudi mjini akikohoa yeye, na Siwema aliyekuwa amefuatana naye akakohoa pia, akapata mafua kidogo, akapona.

"Sasa nani angefikiria kitu kingine?" anauliza Kassian. "Ukipiga mpunga, utakohoa. Usipokohoa watu wanajua ulikaa kivulini. Bibi alikuwa na homa, akajifukiza na majani ya mlimao, akasema yuko fiti. Corona tulikuwa tunaisikia redioni. Tuliambiana ni ya wazee na watu wa Dar. Mtoto? Hapana, hatukuwaza mtoto."

Mwezi uliofuata, Violeth akiwa bado shambani anasomba mpunga, Siwema aliamka na homa kali. Alikuwa na miaka saba. Tumbo lilimuuma, akatapika, macho yakawa mekundu. Kassian akampeleka zahanati, pale pale anapompeleka Alex leo.

Muuguzi aliyempokea anaitwa Kandida, na hadi sasa yupo. Ni mama mnene, mwepesi wa mikono na wa maneno. Asubuhi hii anamsikiliza Alex kifua, anatikisa kichwa, anamwambia Mama Alex kuwa mtoto ana nimonia na kwamba mseto aliompa haukuwa na kazi yoyote mwilini mwake. Anaandika dawa. Ndipo anapogeuka kwangu.

"Unataka habari za Kassian? Kaa hapo. Huyu mtu alinisumbua mimi!"

Anasimulia kuwa alimpima Siwema malaria kwa kipimo cha haraka, kikatoka mstari mmoja, maana yake hana. Kassian akaomba apimwe tena. Akapimwa, ikawa vile vile. Kandida akaona vipele vimeanza kifuani mwa mtoto na midomo imepasuka, akaandika rufaa waende hospitali siku ile ile.

"Nikamwambia, Kassian, hii siielewi mimi. Nenda kwa wanaoelewa. Akanijibu nini? Akaniambia, 'Nesi, mbu nimewashika mwenyewe chumbani kwa huyu mtoto. Jana. Mtego ulijaa. Halafu kikaratasi hiki kiniambie hakuna malaria?' Yaani alinifanya mimi ndiye mwanafunzi. Nikamwambia sikuombi, nakuamuru. Akabeba mtoto, akaondoka. Nikajua anakwenda hospitali."

Hakwenda. Alipita duka la dawa, akanunua mseto, akarudi nyumbani.

Hapa Kassian, aliyekaa kwenye benchi nje ya chumba, anaangalia viatu vyake. Hajaribu kujitetea. Ila nilipomuuliza alikuwa anafikiri nini, alijibu kirefu, na maneno yake nayaandika kama alivyoyasema kwa sababu bonde zima limo ndani yake.

"Mimi malaria ndiyo iliyonipa ugali. Nimezika wadogo zangu wawili kwa malaria, kule Mahenge, nikiwa mdogo. Nimeingia nyumba za watu miaka yote hiyo nikiwaambia homa ni mbu, homa ni mbu, laleni kwenye neti. Walikuwa wanabisha, nikawashinda. Wakakubali. Sasa homa imeingia kwangu, mbu ninao kwenye kikombe. Ningeamini nini kingine? Nilikuwa najua sana. Ndiyo shida yenyewe. Ningekuwa sijui, ningemsikiliza nesi."

Siku tatu alimpa mtoto dawa akisubiri homa ishuke. Haikushuka. Siku ya mwisho Siwema alishindwa kusimama, miguu na mikono imekuwa baridi huku kifua kikiwaka. Kassian akampigia mkewe.

"Hata hakusema kitu," anakumbuka Violeth. "Alisema tu, 'Mama Siwema.' Nikajua. Niliacha magunia palepale barabarani."

Hospitalini, daktari wa watoto alimtazama mtoto, akasikiliza moyo, akauliza swali ambalo Kassian hakulitegemea hata kidogo. Aliuliza kama kuna mtu nyumbani aliyekohoa wiki chache nyuma.

"Nikanyoosha mkono," anasema Kassian. "Kama mtoto wa shule. Nikasema ni mimi, lakini ni vumbi la mpunga. Akaniambia, sawa, tupime tuone."

Vipimo vya damu vilionyesha Siwema alikuwa amepitiwa na corona. Kilichomwangusha kilikuja baadaye. Madaktari wanaeleza kuwa watoto wengi wanaoambukizwa corona huugua kidogo tu, mafua na kikohozi, na wengine hata haijulikani kama waliugua. Lakini kwa wachache sana, wiki kadhaa baada ya kupona, mwili uliokuwa unapigana na kirusi hauachi kupigana. Unaanza kujidhuru wenyewe. Mishipa ya damu inavimba, homa haishuki, vipele na macho mekundu vinatokea, tumbo linauma, na moyo unaweza kuumia. Akiwahiwa hospitalini, mtoto mwenye hali hiyo kwa kawaida hupona. Neno lenyewe ni hilo: akiwahiwa.

Siwema alipelekwa Dar es Salaam kwa gari la wagonjwa. Alikaa huko hadi ngozi ya ncha za vidole vyake ikabanduka kama ganda la kitunguu na ikaota nyingine. Mpunga wote wa mwaka ule uliishia kwenye nauli, dawa na chakula cha wodini. Alirudi mzima, anatembea, anaongea, lakini mishipa miwili inayolisha moyo wake ilibaki imetanuka. Tangu hapo anameza kidonge kila siku, na kila mwaka anapigwa picha ya moyo.

Kama angefika siku ile ya kwanza, mishipa ingepona? Nilimuuliza Kandida swali hilo Kassian akiwa ametoka kwenda kumrudisha Mama Alex.

"Hakuna anayejua," alisema. "Labda ingekuwa vile vile. Mimi huwa namwambia hivyo, ingekuwa vile vile tu, Kassian. Ananiangalia, haniamini. Na mimi, nikuambie ukweli, na mimi najilaumu. Ningemsindikiza mwenyewe mpaka getini kwa daktari. Zahanati ilikuwa imejaa watu."

Violeth naye nilimkuta nyumbani akishona magunia tayari kwa safari. Ni mwanamke wa maneno machache. Nilipomuuliza kama anamlaumu mumewe alikata uzi kwa meno kwanza.

"Simlaumu. Angekuwa mlevi ningemlaumu. Alikuwa amekaa naye usiku na mchana, anampa dawa kwa saa. Lakini sijasahau, na yeye hajasahau, na huyu mtoto ndiye tunayemfungia ndani kwa sababu sisi hatujasahau. Hiyo si haki."

*

Alhamisi benchi la kliniki limejaa. Kassian amevaa shati la kwenda kanisani. Siwema amekaa katikati ya wazazi wake, mrefu kuliko umri wake, anatikisa mguu.

"Shikamoo," ananisalimia. Halafu ananong'ona: "Baba ana stresi. Hajala."

"Marahaba. Na wewe?"

"Mimi nimekula chapati tatu."

Ndani, daktari bingwa, mama wa makamo mwenye miwani, anamlaza kitandani, anampaka mafuta kifuani na kupitisha kifaa taratibu. Kwenye kioo moyo unaonekana unapiga, mweusi na mweupe. Kassian anautazama bila kupepesa. Daktari anapima hapa, anapima pale, anarudi nyuma, halafu anamwambia Siwema avae.

Anawaeleza kwa lugha nyepesi. Mshipa mmoja umerudi kwenye ukubwa wake wa kawaida. Wa pili umepungua sana, ila umebaki na kovu, na kovu hilo Siwema atakua nalo. Kidonge kitaendelea, na picha ya kila mwaka itaendelea. Mashindano ya mbio, hapana.

"Na shamba?" Siwema anauliza kabla hajaulizwa.

"Shamba unaenda kufanya nini?"

"Kufukuza ndege. Kukaa dunguni."

"Nenda," anasema daktari. "Kunywa maji, kunywa kidonge, lala kwenye neti. Kifua kikiuma au ukiona kizunguzungu, uwaambie wakulete hospitali haraka. Lakini nenda. Wewe ni mtoto, cheza."

Violeth anafunika uso kwa ncha ya kanga. Siwema anaruka, halafu anakumbuka yuko kwa daktari, anatulia.

Kassian hajasogea. Bado anakitazama kile kioo ambacho sasa hakina kitu.

"Daktari," anasema, "samahani. Naomba umpime tena."

"Mzee, nimempima vizuri. Nimerudia mwenyewe umeniona."

"Nimeona. Lakini huko Chita ni mbali. Naomba tu, mara moja tena. Pengine kuna kitu hakijaonekana."

Daktari anavua miwani, anamtazama mzazi huyu anayekataa habari njema. Anayesema ni Siwema, na hasemi kwa hasira. Anasema kwa sauti ya mtoto anayemkumbusha baba yake kitu alichokisahau mezani.

"Baba, ulishakataa kipimo mara moja."

Kumbe anajua. Hawakuwahi kumwambia, lakini mtaa ni mtaa, na mtoto ana masikio. Kassian anamshukuru daktari, anachukua kofia yake, anatoka nje. Nilimkuta ameshika ukuta wa hospitali kwa mkono mmoja, analia waziwazi kama watu wanavyolia msibani, wala hakujificha nilipomkaribia.

"Amesema kweli," alisema. "Amesema kweli tupu. Angenitukana ningepata nafuu."

Tulikaa pale hadi alipotulia. Watu walipita, wengine wakampa pole wakidhani amefiwa, naye akawa anaitikia, asante, asante, bila kuwasahihisha.

*

Shule zinafungwa wiki ijayo. Violeth na Siwema watapanda treni hadi Chita, na Bibi Bibiana ameshatuma salamu kuwa dungu limejengwa upya kwa miti migumu. Kassian amekwishampigia Masanja, Msukuma anayefuga ng'ombe jirani na shamba lao, ambaye ana pikipiki nzima, akamwomba asiiuze wala kumwazima mtu mwezi huu. Masanja amekubali, ingawa ameuliza mara mbili kama kuna vita inakuja.

Mpango wa kwanza wa Kassian ulikuwa kuomba ruhusa kazini akakae nao hukohuko, dunguni, mwezi mzima. Siwema alikataa katakata. Violeth akamwunga mkono bintiye. Walipiga kura, anasema Kassian, na yeye akashindwa. Atawasindikiza mpaka stesheni tu.

Mjini hapa ataendelea na mitego yake. Ana nyumba nyingi za kupita, na kila anapoingia siku hizi analo jambo la pili la kusema baada ya lile la mbu: kipimo kikisema mtoto hana malaria na homa ipo, msirudi nyumbani, ulizeni ni nini basi. Wengine wanamsikiliza. Wengine wanamkumbusha alivyokuwa akisema zamani, na wana haki. Alex anaendelea vizuri, ingawa mama yake bado hajamsamehe Kassian kwa safari ile ya baiskeli akiwa na kanga moja.

Nilimuuliza, mwisho, anatarajia nini kutoka mwezi huu wa sita. Nilidhani atasema afya, au mavuno. Aliuzungusha ule mpira wa kunyonyea mbu vidoleni.

"Tangu tutoke Dar, mtoto huyu hajalala mchana mbele yangu," alisema. "Akisinzia tu, namwamsha. Namuuliza, mama, uko salama? Anaamka, anakasirika, anasema niko salama, baba, nilikuwa nimelala. Miaka mitano sasa. Nataka huko acheze na wenzake mpaka achoke kabisa, ajitupe dunguni alale mchana kweupe, na asiwepo mtu wa kumwamsha."